Shajara ya mradi: Darubini ya bunduki ya nzohe

Jumatatu: kazi iliyopo

Bunduki ni CZ 550 ya boliti (komeo la chuma linalofunga chemba ya risasi), kipimo cha .30-06, iliyotengenezwa Uherský Brod katika Jamhuri ya Cheki. Mwenye leseni ni Mzee, kiongozi wa wawindaji hapa kambini, kwa hiyo kila ninapoishika yeye yuko karibu. Boliti imetolewa, chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, risasi zimefungiwa kwenye sanduku jingine. Hilo halijadiliwi hapa, hata kama tunachofanya ni kupima urefu wa skrubu.

Mpaka sasa imekuwa ikilengwa kwa vilengeo vyake vya chuma, yaani mkato wa nyuma na kidoto cha mbele. Kwa ngiri wa mita hamsini inatosha kabisa. Lakini Mzee anataka iwe bunduki ya nzohe, na nzohe ni habari nyingine. Huyu ni swala wa kinamasi, sitatunga kwa jina jingine. Kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame kwenye tope, mchana hujificha ndani ya mafunjo, na akishtuka sana huingia majini akabakiza pua tu juu. Hutoka pembezoni alfajiri na jioni. Wewe uko juu ya dungu la miti, umekaa kimya, na nafasi unayopewa ni uwazi mdogo kati ya mafunjo, mita mia na kitu mbele, mwanga ukiwa bado haujakamilika.

Tena si nzohe yeyote. Anayewindwa ni dume mzee. Jike hana pembe na rangi yake ni ya kutu, dume ni mweusi-mweusi zaidi na pembe zake zimejipinda. Dume kijana naye ana pembe, ila bado fupi. Kuwatofautisha hao watatu saa kumi na mbili na robo asubuhi, mafunjo yakiwa yamefunika nusu ya mwili, ndiyo kazi yenyewe. Tunawinda kwa kibali chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda akiwa nasi, na kibali kinasema ni mnyama gani na wangapi. Ukipiga jike huna la kumweleza afande.

Jioni ulizuka ubishi mzuri jikoni. Msoma nyayo wetu, mtu wa Karamoja, alisema wawindaji wa zamani hawakuhitaji vioo. Akamtaja Bell, yule Mskoti aliyewinda tembo kwao mwanzoni mwa karne ya 20 kwa bunduki ndogo ya .275 Rigby na vilengeo vya chuma. Ni kweli. Ila nilimwambia, "Mzee wangu, Bell alikuwa Karamoja, nchi kavu, jua linawaka, na tembo ana ukubwa wa nyumba. Mlete hapa kinamasi cha Mayanja alfajiri umwonyeshe sikio la nzohe ndani ya mafunjo." Hakunijibu, ila alinimiminia chai ya pili.

Jumatano: mwanga kwanza, ukuzaji baadaye

Wengi wakichagua darubini huanza na namba ya ukuzaji. Wanataka 16, wanataka 20, wanataka kuhesabu nywele za swala akiwa kilomita moja. Kwa kinamasi hiki hiyo ni fedha ya bure. Mbali kabisa tunapofyeka njia ya macho kutoka kwenye dungu ni mita 200. Kinachokosekana pale ni mwanga.

Hapa karibu na ikweta alfajiri ni fupi. Tangu uanze kuona vitu kwa macho matupu hadi jua lichomoze ni dakika ishirini na kidogo, mwaka mzima, na jioni ni hivyo hivyo. Nchi za kaskazini mwindaji hupewa machweo marefu ya kujipanga, sisi hatuna hayo. Kila dakika ambayo kioo kinaweza kuiokoa mwanzoni mwa zile dakika ishirini ni mali.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma kuelekea jicho lako. Lenzi ya milimita 40 kwa ukuzaji wa 9 inatoa milimita 4.4. Ishushe hadi 6, inatoa 6.7. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Duara likiwa dogo kuliko mboni, picha inakuwa nyeusi. Likiwa kubwa kuliko mboni, ziada inapotea usoni tu.

Hapo ndipo nilipopima chaguo mbili kwa makini. Ya kwanza ni 3–12x56, yaani ukuzaji wa 3 hadi 12 na lenzi ya mbele ya milimita 56, ile ambayo Wajerumani na Waaustria wameizoea kwa kuwinda nguruwe pori usiku wa mbalamwezi. Ya pili ni 2.5–10x42. Kwa mtu asiyefikiria, 56 inashinda: kwenye ukuzaji wa 8 inatoa milimita 7 kamili. Lakini bunduki hii si ya kijana. Mzee amepita miaka sitini, na mboni ya mtu wa umri huo haifunguki tena hadi 7. Watu wengi umri huo hukaribia 5. Sasa 42 gawanya kwa 8 ni 5.25. Yaani ile ndogo tayari inampa jicho lake kila linachoweza kupokea. Zile milimita 14 za ziada angezibeba shingoni bila faida.

Na zingemgharimu. Lenzi ya 56 inalazimisha pete ndefu ili isiguse mtutu. Pete ndefu inainua darubini, na darubini ikiinuka shavu linaachia kitako, kichwa kinaelea hewani. Kichwa kinachoelea hakirudi mahali pamoja mara mbili. Kitako cha bunduki hii kilichongwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma, kiko chini, kwa hiyo darubini nayo lazima ikae chini kadiri inavyowezekana. Tumechukua 2.5–10x42, bomba la milimita 30.

Msalaba wa ndani nilitaka ule wenye mihimili minene pande tatu na nyuzi nyembamba katikati tu. Msalaba wa nyuzi tupu ni mzuri kwenye karatasi nyeupe mchana, lakini alfajiri juu ya mnyama mweusi-mweusi unapotea kabisa. Mihimili minene inaonekana mpaka mwisho, na jicho linaziba lenyewe pengo la katikati. Darubini hii ina pia kitone chekundu kinachowashwa kwa betri. Kinasaidia mradi kipunguzwe hadi kiwe hafifu. Kikiwa kikali kinafunga mboni na unarudi kulekule gizani.

Mambo mengine niliyoyakagua dukani: nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma, sentimita 9 na kidogo, inatosha kwa .30-06. Bomba limejazwa naitrojeni na kufungwa, ili ukungu usijitengeneze ndani tukitoka kwenye baridi ya alfajiri kwenda kwenye joto. Kliki moja ya kifundo cha kurekebishia ni sentimita 1 kwa mita 100. Zipo nyingi za robo dakika ya pembe, ambayo ni kama milimita 7 kwa mita 100, na hazina ubaya wowote, ila sisi tunapima kwa mita na sentimita, basi hesabu iwe ya lugha moja.

Ijumaa: pete

Watu hununua darubini ya bei ya ng'ombe watatu kisha wakaifunga kwa pete za bei ya kuku. Nimeshaona matokeo yake kwenye bunduki za wageni: risasi zimetawanyika, kioo kinalaumiwa, kumbe kilicholegea ni chuma cha chini. Ningeshauri mtu yeyote mwenye bajeti finyu apunguze kwenye kioo kabla ya kupunguza kwenye pete.

CZ 550 ina uzuri wake hapa. Juu ya mwili wa bunduki wamechonga mifereji ya milimita 19 ndani ya chuma chenyewe, pete zinabana pale moja kwa moja. Hakuna besi ya kati, hakuna skrubu nne za besi za kulegea. Ni sehemu chache, na kwa hiyo ni matatizo machache. Nilichagua pete za chuma cha pua, za skrubu nne kila moja juu. Zipo za kuchomoa kwa mkono kwa wenzo mdogo wa pembeni, na Mzee alizipenda kwa sababu hataki kuviacha vilengeo vya chuma. Nilimsihi tuchukue za kubana kwa skrubu, kisha alenki ndogo, ufunguo wa skrubu hizo, ikae ndani ya mfuko wa bunduki. Kinamasi kina tope na unyevu, na kila kiungo kinachofunguka ni mlango. Alikubali.

Kimo cha pete sikukisia. Nilizungusha karatasi ya manila ikawa bomba la milimita 48, ambao ndio upana wa nje wa kengele ya mbele ya darubini, nikaliweka juu ya mtutu mahali litakapokaa. Kilengeo cha nyuma kilikuwa kinaligusa kwa pete fupi kabisa. Kwa pete za kati linapita na nafasi ya noti iliyokunjwa mara kadhaa. Hizo ndizo tulizoagiza.

Jumapili: mezani

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Bunduki imeshikwa kwenye jiliwa lenye midomo ya mpira, nikaikaza kidogo tu, kitambaa cha jinzi katikati.

Kwanza mafuta yote yaondoke. Nilipitisha spiriti kwenye mifereji, kwenye meno ya kila skrubu na ndani ya pete, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Kisha chini ya pete nikarudisha mafuta kidogo sana, utando usioonekana, kwa sababu chuma kikavu juu ya chuma kikavu Mayanja kitaota kutu kabla ya mwezi kuisha. Kwenye meno ya skrubu hakuna mafuta. Skrubu yenye mafuta huteleza na kubana zaidi ya namba unayosoma kwenye bisibisi ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Pete moja ina kipini chini kinachoingia kwenye tundu la mwili wa bunduki, ili teke lisiisukume mbele. Nilikisukuma hadi ukuta wa tundu kabla ya kukaza, kusiwe na hata pumzi ya nafasi. Bunduki ikipiga, mwili wake unarudi nyuma ghafla, na darubini, kwa uzito wake, inataka kubaki palepale. Nafasi ya nusu milimita ni nyundo ndogo inayopiga kila risasi.

Baada ya pete za chini kukazwa, nikaweka juu yake fimbo ya chuma ya milimita 30 iliyopakwa wino wa buluu, nikaisukuma mbele na nyuma. Wino uligusa sehemu kubwa ya pete ya nyuma, lakini pete ya mbele iligusa ukingo mmoja tu. Maana yake pete mbili hazitazamani sawasawa, na bomba la darubini likibanwa hivyo litajikunja. Halitavunjika, lakini vioo vya ndani vitakaa kwenye mkazo na vifundo vya kurekebishia havitatembea kwa ukweli. Kwa hiyo nikaweka unga wa kusugulia kwenye ile fimbo, nikasugua polepole, nikafuta, nikapaka wino tena, nikatazama. Kazi hii haiharakishwi. Niliacha ulipogusa karibu robo tatu ya kila pete. Ukiendelea mpaka iguse yote unakula chuma ambacho ungekihitaji kubana.

Kisha darubini ikalala kwenye pete, vifuniko vikawekwa bila kukazwa, nikamwita Mzee akae kama anavyokaa kwenye dungu: kiwiliwili mbele, viwiko kwenye mti wa kuegemea, mtutu ukitazama chini kidogo. Wengi hupima nafasi ya jicho wakiwa wamesimama wima dukani. Kwenye dungu mwili unainama na uso unasogea mbele sentimita mbili au tatu, na hizo ndizo zinazochana nyusi. Nilimwambia, "Fumba macho, weka shavu ulipozoea, kisha fumbua." Akifumbua anatakiwa aone duara lote la picha bila kivuli cheusi pembeni. Tuliisogeza mbele, tukajaribu ukuzaji wa 2.5 na wa 10, kwa kuwa nafasi hubadilika kidogo ukizungusha, tena akiwa amevaa koti zito la asubuhi. Nikaweka alama ya penseli.

Kusimamisha msalaba wima: pimamaji kwenye sehemu bapa ya mwili wa bunduki, na mbele, kwenye mwembe mwisho wa uwanja, timazi ya mwashi yenye uzi mweupe. Uzi wa timazi haudanganyi kamwe. Nilizungusha bomba ndani ya pete mpaka mhimili wa chini ukalala juu ya uzi ule.

Mwisho ni kukaza. Nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko upande wa pili, kwa msalaba kama unavyokaza nati za gurudumu, nikiangalia pengo la kushoto na la kulia la kila pete libaki sawa. Pengo likizidi upande mmoja, bomba linajizungusha na kazi ya timazi imepotea. Toki niliishia niutoni-mita 2. Mtu aliyekuwa pembeni alisema niongeze kidogo kwa usalama. Kuongeza si usalama; bomba ni alumini, nalo linabonyea.

Boliti ikarudishwa, nikaifungua na kuifunga nikitazama kama mkono wake unagusa kioo cha nyuma. Haugusi.

Jumanne: uwanjani

Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha wenye kichuguu kikubwa cha udongo nyuma, mapema kabla ya joto. Saa tano hewa juu ya nyasi huanza kucheza na karatasi inaonekana kama iko chini ya maji.

Kwanza mita 25, bila risasi. Boliti nje, bunduki juu ya viroba vya mchanga, nikachungulia ndani ya mtutu mpaka duara jeusi la shabaha likakaa katikati ya tundu. Kisha, bila kuigusa bunduki, nikazungusha vifundo mpaka msalaba nao ukafika palepale. Hii inaokoa risasi nyingi, na risasi za .30-06 hapa si za kuchezea.

Risasi ya kwanza ya Mzee ilikwenda kushoto sentimita 6 na chini sentimita 4. Kliki ya sentimita 1 kwa mita 100 ni milimita 2.5 tu kwa mita 25, kwa hiyo ni kliki 24 kulia na 16 juu. Iliyofuata iligusa katikati.

Ukisimama hapo ukadhani umemaliza, utashangaa. Darubini iko sentimita nne na nusu juu ya mtutu, kwa hiyo risasi inapanda kuufikia mstari wa jicho na inaendelea kupanda. Kwa mita 100 risasi tatu zilikaa juu ya katikati kwa kama sentimita 8, kulia kidogo kwa 2. Nilichokitaka ni 5 juu. Kliki 3 chini, 2 kushoto.

Kwa nini 5? Risasi ya gireni 180 (gireni ni kipimo cha uzito) kutoka bunduki hii, ikiwa juu sentimita 5 kwa mita 100, inakata mstari wa jicho karibu na mita 170 na kwa mita 200 imeshuka kama sentimita 5. Kwa hiyo kutoka mguuni pa dungu hadi mwisho wa njia yetu ya macho, Mzee analenga nyuma ya bega palepale, bila hesabu. Alfajiri, moyo ukidunda, mtu asipewe hesabu. Kuna waliotuonya juu ya kupiga kutoka juu kwenda chini. Dungu letu lina kimo cha mita chache tu. Kwa mita 150 mwinamo ni mdogo kiasi kwamba hauonekani kwenye karatasi.

Kati ya kila risasi tatu tuliacha mtutu upoe kivulini, boliti wazi, mpaka mkono uweze kuushika. Mtutu mwembamba ukipata moto hupiga mahali pengine, na nzohe hapigwi kwa mtutu wa moto. Risasi inayohesabika ni ile ya kwanza, ya mtutu baridi, na hiyo naiandika peke yake daftarini.

Nilijaribu pia uaminifu wa vifundo: kliki 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, risasi moja kila kona. Ilichora mraba mzuri na ya mwisho ikarudi ilipoanzia. Nilifurahi sana. Ile fimbo na wino wa buluu vimelipa.

Alhamisi: kwenye dungu

Leo hakuna kupiga, ni kutazama tu. Tulipanda saa kumi na moja gizani. Mpangilio tuliokubaliana na afande ni kwamba darubini ya mkono ndiyo inayotafuta, darubini ya bunduki ndiyo inayothibitisha. Humu kinamasini wamo watu: wakata mafunjo wa mikeka, wavuvi wa kambare, watoto wanaotafuta ndama aliyepotea. Anayetafuta mnyama kwa darubini ya bunduki anaelekeza mtutu kwa kila kinachotikisika. Kwa kambi yetu hilo ni kosa la kufukuzwa.

Kwenye saa kumi na mbili na dakika kumi vilengeo vya chuma bado vilikuwa doa moja jeusi. Kwenye darubini, ukuzaji wa 7, Mzee alisoma mafunjo shina kwa shina. Jike alitoka na mtoto wake, mwekundu kama udongo wa barabara, akanywa, akarudi. Mzee alinong'ona, "Nimemwona masikio yote mawili." Kisha akapuliza pumzi karibu mno na kioo kikafanya ukungu. Tumekubaliana kupumua kwa pembeni, na vifuniko vya lenzi vibaki vimefungwa mpaka dakika ya mwisho.

Jumamosi: baada ya barabara

Kabla ya safari nilipaka kila skrubu ya pete kistari cha rangi ya kucha, kikivuka kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Kistari kikikatika, skrubu imezunguka. Bunduki imesafiri siku nzima nyuma ya Land Cruiser kwenye murramu iliyojaa mabonde, na barabara hulegeza vitu kuliko risasi.

Vistari vyote vizima. Toki bado ni 2. Risasi moja, mtutu baridi, mita 100: juu sentimita 5, kushoto nusu. Sikugusa kifundo.

Bado kuna mambo mawili. Ukanda wa bunduki unavuta upande ukiegemea mti, nitaubadilisha. Na nataka Mzee apige risasi kadhaa jioni, saa kumi na mbili na nusu, na kitone chekundu kikiwa kimezimwa, kwa sababu betri itaisha siku moja na itaisha tukiwa juu ya dungu. Bunduki imerudi kwenye kabati lake la chuma, ufunguo uko kwake.